Bibi wa Falls Church

Kila Jumamosi tukifika mahali papya, kazi huanza vilevile. Namfunga Githeri skafu yake nyekundu, namwekea bakuli la maji, napiga picha tatu. Ya nne huwa siipati, maana hapo huwa ameshachoka kukaa na ameanza kuilamba kamera.

Jumamosi ile, kwenye shamba la mizabibu, nilipata ya kwanza na ya pili. Nilipoinua simu kwa ya tatu, miguu yake ya nyuma ilimlegea, akaketi upande kwenye nyasi kama mtu aliyekosa kiti.

Watu wa meza ya jirani wakaangua kicheko. "Huyo kaonja glasi ya nani?" mzee mmoja wa Kizungu akauliza, akamwinulia na yake.

Nami nikacheka. Hilo nalikiri kabla ya mengine yote. Nilicheka.

Githeri akajaribu kusimama, akaanguka tena, na safari hii hakuinua kichwa.

Ambaye hakunisoma wiki zilizopita ajue haya tu. Naitwa Mwatumu, mzaliwa wa Pangani. Nimemaliza chuo hapa Maryland mwaka jana, na kazi niliyoisomea bado hainitaki. Naishi Adelphi kwa shangazi yangu, dada yake baba. Miezi miwili iliyopita, Dada Waringa, Mkenya wa Falls Church anayefanya kazi za kompyuta, alikwenda Nyeri kumuuguza mama yake. Akaniachia nyumba, mbwa, na orodha ya mahali pa kumpeleka: mashamba ya mizabibu yanayotengeneza mvinyo, migahawa yenye meza za nje, majabali ya juu ya mto Potomac. Githeri ana ukurasa wake mtandaoni. Watu wanaufuata ili wajue wapi wanaweza kwenda na mbwa wao wasifukuzwe.

Jina amelipata kwa rangi yake, madoa ya kahawia na meupe, kama mahindi na maharage sufuriani. Kwetu angeitwa Makande.

Shangazi yangu hajui hata moja kati ya hayo. Mbwa upande huu, mvinyo upande ule, na mtoto wa kaka yake katikati! Nilimwambia nimepata kazi ya kumlea bibi wa Kimarekani huko Falls Church, mgonjwa, hana mtoto, na kwamba inabidi nilale hukohuko.

Sikutegemea kwamba shangazi angemwonea huruma yule bibi.

Kila Ijumaa narudi Adelphi kusalimia, na kila Ijumaa naondoka na kifurushi. "Mpelekee bibi yako." Shangazi mwenyewe analea wazee Rockville mwaka wa tisa huu, anajua wanavyolishwa. Mara samaki aliyechambuliwa miiba yote. Mara uji wa mchele. Wiki ile ilikuwa pilau na mkate wa kumimina, ule mtamu wa mchele. "Huu hauhitaji hata meno," aliniambia, akaukunja kwenye kitambaa safi.

Ningefanya nini? Kutupa chakula siwezi, sikulelewa hivyo. Kukila mimi na kusema kakila bibi ni uongo juu ya uongo. Basi nikatafuta njia ya kupunguza dhambi. Ninayemlea ndiye aliyekila. Nikiulizwa, "Bibi kala?" nilijibu, "Kamaliza," na moyo ukatulia kidogo.

"Gervas!" niliita pale nyasini. "Gervas, njoo!"

Gervas ni jirani wa Dada Waringa, kijana wa Bukoba. Huniendesha kila Jumamosi kwa sababu sina leseni, na ndiye anayeishika glasi kwenye picha ili mkono wangu wenye hina usionekane karibu na mvinyo. Alikuwa anatoka kaunta na sahani ya jibini.

"Umemfanyia nini mtoto wa watu?" alisema huku akitabasamu. Kisha akamwona, sahani ikabaki mezani kwa watu asiowajua.

"Ananitetemekea mkononi, Gervas."

"Kala zabibu?"

"Hajala! Orodha ya Dada Waringa inasema zabibu ni sumu kwa mbwa. Tangu tushuke nimemshika kamba fupi. Nimempitisha katikati ya njia kama mfungwa."

"Sasa kala nini?"

"Chakula chake. Na kidogo cha shangazi."

"Kidogo gani?"

"Mkate. Na pilau."

"Pilau ile uliyonionjesha mwezi uliopita? Mwatumu, ile si ina zabibu?"

Jamani, zabibu ya kwenye pilau sijawahi kuiona kuwa tunda. Kwangu ni kiungo, kama mdalasini. Kumbe nusu saa nzima nilikuwa namlinda mbwa na zabibu zinazoning'inia mitini, na zilizokauka nimeshamlisha mwenyewe, kwa kijiko changu, pale maegesho.

Gervas akambeba Githeri begani, tukakimbia. Nyuma yetu yule mzee alikuwa bado anacheka, ila taratibu.

*

Ndani ya gari kichwa cha Githeri kilikuwa mapajani mwangu. Povu lilimtoka, likanilowesha sweta hadi ndani. Nilianza kuomba dua, nikakumbuka mikono yangu ilivyolowa mate ya mbwa, nikasita. Sijui kama dua ya mikono ile inapokewa. Niliomba hivyohivyo.

"Yupo macho?" Gervas aliuliza.

"Yapo wazi, lakini hanioni."

"Mwite jina."

"Namwita! Nifanyeje, namwita!"

Kiumbe wa kwanza katika nchi hii kunisubiri mlangoni ni yule mbwa. Nikichelewa dakika kumi dukani, namkuta amekaa na kiatu changu. Sikuwahi kumwambia mtu hilo. Ungemwambia nani, na ungelisemaje?

Zahanati ya wanyama tuliipata pembeni mwa Leesburg. Walimchukua kwenye kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa, tukabaki na skafu nyekundu.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haraka. Alirudi baada ya dakika chache.

"Mbwa ni wako?"

"Ndiyo," nilisema. Nilisikia Gervas akigeuza shingo.

"Sukari ya mwilini imeshuka vibaya. Nimemwekea kwenye mshipa, ikapanda. Sasa inashuka tena. Amekula nini?"

Nikamweleza habari ya pilau na zabibu zake. Akatikisa kichwa.

"Zabibu huumiza figo, na huchukua siku moja au mbili. Hizo nitazishughulikia. Lakini hazimwangushi mbwa ndani ya nusu saa. Kuna kitu kingine. Nyumbani kuna mtu anatumia kitu chochote badala ya sukari? Kuna za bandia ambazo ni sumu kwa mbwa."

"Hapana. Sisi ni sukari ya kawaida tu."

"Una hakika? Umepika wewe?"

Sikuwa na hakika. Jikoni kwa shangazi mimi ni mwosha vyombo, mapishi hamwachii mtu.

"Amepika shangazi yangu."

"Mpigie. Sasa hivi."

Nilitoka nje, nikapiga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, bibi kaupenda mkate?"

"Kala. Shangazi, amezidiwa. Baada ya kula ameanguka. Tuko Leesburg, kwa daktari, anataka kujua uliweka nini."

Nilisikia redio yake ya jikoni ikizimwa.

"Nani kasema ni chakula?"

"Daktari. Anauliza mkate uliutia nini."

"Mkate gani?"

"Ule wa kumimina. Ulionipa jana."

"Mimi sikukupa mkate."

Nilidhani simu imekatika katikati ya maneno. "Shangazi?"

"Nilikupa pilau yako, ukale wewe. Bibi sijampa kitu. Nisikilize vizuri, Mwatumu. Pale kazini kwetu kulikuwa na mwenzangu, mama mtu mzima, alimpa mzee ndizi. Ndizi moja, haikuandikwa kwenye karatasi ya chakula chake. Mzee akapaliwa. Cheti wamemnyang'anya, na kazi mpaka leo hana. Na yule alipona! Mimi sijapika kitu. Na wewe hukumpa kitu. Mwambie daktari hivyo."

"Lakini shangazi, asipojua atakufa."

"Yarabi mimi!" Sauti yake ikawa ndogo, ya kitoto. "Hospitali gani hiyo?"

Nilimtajia barabara. Akakata.

Miaka mitatu naishi kwake sijawahi kumkuta katika uongo hata wa mzaha. Akipewa chenji iliyozidi senti kumi, anarudi dukani.

Gervas alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kasema nini?"

"Kasema hakupika."

"Hakupika? Si tumeuona mkate?"

"Anadhani atafungwa. Anadhani ni bibi."

"Basi mwambie ni mbwa!"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Ni maneno matatu, bibi ni mbwa. Hayo ukishindwa na shahada yako, mimi na diploma yangu nitasema. Lete simu."

Niliificha simu mgongoni. "Wewe humjui shangazi."

"Sawa, simjui. Namjua Githeri." Gervas hakuwahi kunikasirikia kabla ya siku ile. "Mwatumu, wewe ukikanyagwa mguu, wewe ndiye unayeomba radhi. Hilo sikulaumu. Lakini leo radhi yako inaua."

Nikaandika ujumbe: *Shangazi, nina jambo.* Nikaufuta. Nikaandika: *Shangazi, yule bibi si bibi.* Nikaufuta. Nikapiga, ikaita hadi mwisho. Nikapiga tena. Hakupokea.

Tuliporudi ndani kukaa, simu iliyofuata ilitoka Kenya.

"Mwatumu! Sasa? Mbona hakuna picha?" Sauti ya Dada Waringa ilikuwa na furaha. "Mum amekataa kulala mpaka aone Githeri. Ati huyo ndiye mjukuu pekee anamheshimu. Weka video kidogo."

"Dada, mtandao huku ni mbaya."

"Mbaya aje, na mimi nakuskia poa kabisa? Dakika moja tu."

"Amelala."

"Saa hii ya mchana? Huyo halalangi mchana." Sauti ikashuka. "Mwatumu, uko sure ako sawa?"

Niliutazama mlango wa ndani.

"Yuko sawa, dada."

Gervas aliinuka kwenye kiti kilichokuwa karibu nami, akaenda kukaa upande wa pili wa chumba.

*

Tulikaa hivyo zaidi ya saa moja. Aliingia mtu na paka kwenye kikapu. Aliingia mama mmoja na mbwa mkubwa mweusi, miguu yake minene kama ya ndama. Kila mlango wa ndani ulipofunguka, nilisimama.

Daktari alitoka, glavu bado mkononi.

"Amepata degedege, nimeituliza. Sukari nampa, mwili unaimeza. Ninachokihofia kikiwa ndicho, ini litafuata, na hapa sina vifaa. Nitalazimika kumhamishia hospitali kubwa, mwendo wa saa nzima. Kisipokuwa hicho, alivyo sasa, safari yenyewe inaweza kummaliza." Alinitazama machoni. "Siwezi kubahatisha. Umepata jibu?"

"Bado."

"Nakupa dakika kumi. Baada ya hapo nitaamua bila wewe."

Akarudi ndani. Sikumtazama Gervas, na sikuhitaji.

Ndipo mlango wa nje ukafunguka, akaingia shangazi.

Alivaa sare yake ya kazi ya buluu, baibui juu yake bila vifungo, na mtandio umekaa kombo. Shangazi huzunguka barabara za ndani hata kwenda Rockville, mvua au jua, kwa sababu aliapa siku ya kwanza kwamba Beltway, ile barabara kuu ya kuzunguka Washington, hataigusa. Funguo za gari zilikuwa zinalia mkononi mwake.

Akasimama pale mlangoni. Alimtazama mbwa mweusi, akamtazama paka, akazitazama picha za ukutani. Akaivuta baibui juu kidogo, akaja kwangu akiambaa na ukuta.

"Mwatumu, hii ni hospitali gani? Wanaruhusu watu waje na wanyama wao?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimepita ile barabara. Malori huku na huku, mimi katikati, nasoma kila dua ninayoijua." Alinishika bega, akausogeza mdomo karibu na sikio langu. "Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Alhamdulillahi! Sijalia tangu mama afe, leo nimelia kuanzia Silver Spring. Huyu kijana nani?"

Gervas alisimama. "Shikamoo, mama. Naitwa Gervas."

"Marahaba. Wewe ni ndugu wa bibi?"

Gervas akanitazama. Nikatazama sakafu. "Ni jirani yake," alisema polepole.

"Basi utanisaidia kumwombea radhi. Mwatumu, sikiliza." Alirudi kunong'ona. "Nimekuja tupatanishe maneno kabla polisi hawajafika. Chakula hatujui. Alikula mwenyewe, kwenye friji yake, wazee wa hapa wanaweka vitu miaka. Akipata nafuu nitamwosha, nitamlisha, nitalala miguuni pake, Mungu anaona. Lakini cheti changu wakikichukua, wewe utakaa wapi? Nani atampelekea baba yako dawa?"

"Shangazi, uliweka nini kwenye mkate?"

"Nimeshakuambia."

"Uliweka nini?"

Alifungua mdomo. Macho yake yakaenda kwenye mkoba wake, yakarudi haraka. Nililiona hilo. Na yeye aliona kwamba nimeliona, akaubana mkoba kwapani.

"Twende nje," alisema.

Yule mbwa mweusi akanyoosha shingo kunusa upindo wa baibui. Shangazi akaruka nyuma yangu, akalishika sweta langu kwa mikono miwili. Kisha akaliachia. Alivitazama viganja vyake, vimelowa, na vinyweleo vya kahawia na vyeupe vimeshika vidoleni.

"Hii nini?"

Nikalifunika doa la sweta kwa mkono.

"Mwatumu, umeshika nini wewe?"

Mlango wa ndani ukafunguka. "Watu wa Githeri?" daktari aliita. "Dakika zangu zimekwisha. Mnaniambia au namhamisha?"

"Githeri ndio nani?" shangazi aliniuliza. Mikono ameitandaza mbele yake kama asiyejua pa kuiweka. "Ndilo jina la bibi?"

Yule mama mwenye mbwa mweusi hakujua tunasema nini, lakini aliacha kutazama simu yake.

"Mwambie daktari hatujui kitu." Shangazi akanisogelea. Alinikamata kifundo cha mkono kwa ile mikono yake iliyolowa, akanivuta kuelekea mlango wa nje. "Mwambie, tuondoke. Mwatumu! Si nazungumza na wewe?"

Maisha yangu yote sijawahi kumwinulia sauti mtu mzima. Nikiitwa, naitika labeka. Nikigombezwa, natazama chini mpaka mtu achoke. Shangazi alinivuta, na nilihisi miguu yangu inataka kumfuata, kama ilivyozoea.

Kutoka ndani nilimsikia Githeri. Hakubweka. Alilia mara moja, sauti nyembamba, halafu kimya.

Niliung'oa mkono wangu mkononi mwake.

"Hakuna bibi," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, hata paka kikapuni akajikunja. "Hajawahi kuwepo, shangazi. Nilikudanganya tangu siku ya kwanza. Ni mbwa. Naishi na mbwa, nalala naye chumba kimoja, kila chakula ulichompikia bibi nimempa yeye kwa mkono wangu, na ninampenda. Hakuna polisi anayekuja. Hakuna atakayekunyang'anya cheti. Yuko nyuma ya mlango ule anakufa, na wewe unajua kwa nini. Mwambie daktari uliweka nini kwenye mkate. Ukinyamaza akafa, mimi sitakusamehe."

Shangazi akaufungua mkoba, akamnyooshea daktari kifuko cha sukari ya bandia, ile wanayowekewa wazee wenye kisukari.